Wanauza nini hawa, ikiwa msimbo ni wa wote?

Mwezi Juni mwaka 2024 nilikuwa katika ofisi ya sacco moja hapa Nairobi, nikimweleza mhazini kwa nini seva zake nne lazima zihamishwe. Zote zilikuwa zinaendesha CentOS 7, na muda wa CentOS 7 ulikuwa unakwisha tarehe 30 ya mwezi huo huo. Mama yule alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza: "Kijana wangu, kwani imeharibika?" Nikamwambia la, haijaharibika. "Basi nani amesema tuhame?"

Jibu fupi nilimpa: baada ya tarehe hiyo hakuna atakayetoa viraka vya usalama, na pesa za wanachama si za kuwekwa kwenye nyumba isiyo na kufuli. Lakini alipouliza tunahamia wapi, nikamtajia majina manne, Red Hat Enterprise Linux, Oracle Linux, Rocky Linux na AlmaLinux, na nikaongeza kwa uaminifu kwamba kwa kazi yake zote nne ni karibu kitu kimoja. Akanitazama kama ninayemuuzia shamba lenye hati nne. Jibu refu lingechukua saa nzima, naye alikuwa na mkutano saa tano. Kwa hiyo nalitoa hapa.

Nianze na jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu tuliosoma nao sayansi ya kompyuta hulichanganya. Programu huria si lazima iwe ya bure. Leseni ya GPL, ambayo ndiyo inayotawala kerneli ya Linux, inasema ukimpa mtu programu umpe na msimbo wake, wala usimzuie kuusambaza. Haikukatazi kumlipisha. Ila hebu fikiria maana yake kwa mfanyabiashara: mteja wako wa leo anaweza kuwa mshindani wako kesho, akiuza bidhaa yako yenyewe, na sheria iko upande wake. Huna siri ya kufungia kabatini.

Sasa nenda Kirinyaga Road siku yoyote ya kazi. Maduka ya vipuri yamepangana bega kwa bega, na mengi yana pedi za breki zile zile, za kiwanda kile kile, kwenye pakiti ile ile. Bei zinapishana kidogo. Fundi mzoefu ana duka lake moja, na mara nyingi si lile la bei ya chini. Anaenda kwa mtu ambaye pedi ikileta matata siku ya Jumatatu atamkuta pale pale, na hatajifanya hamjui.

Hiyo ndiyo biashara ya Red Hat. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1993 na miaka ya mwanzo iliuza Linux kwenye masanduku madukani, sanduku ambalo yeyote angeweza kunakili CD zake. Mwaka 2002 wakaja na toleo la makampuni, ambalo ndilo leo tunaliita Red Hat Enterprise Linux, na mwaka 2003 wakaachana na ile Linux yao ya zamani ikiwa toleo la 9. Wapenzi wa kuchezea kompyuta nyumbani wakaelekezwa Fedora. Makampuni yakauziwa usajili wa mwaka: viraka kwa miaka mingi, namba ya simu ya kupiga usiku wa manane, na jambo ambalo watengenezaji programu tunalisahau kila mara, vyeti. Mwenye hifadhidata na mwenye mfumo wa uhasibu wanasema kwa maandishi: programu yetu ikiwa juu ya toleo hili tutakuhudumia, ikiwa juu ya lingine shauri yako. Mkuu wa TEHAMA wa benki akilipa Red Hat, hiyo sentensi moja ndiyo sehemu kubwa ya anacholipia.

Mapacha hawakuchelewa. Mmoja wa kwanza, White Box Enterprise Linux, ulitoka kwenye maktaba ya umma huko Louisiana, Marekani. Maktaba! Walikuwa na seva za kuendesha na hawakutaka kulipa usajili kwa kila moja, basi wakachukua msimbo uliokuwa wazi, wakauunda upya. CentOS ikafuata mwaka 2004 na ikawapita wote. Mawakili wa Red Hat walipoandika barua mwaka 2005 kuhusu matumizi ya nembo, CentOS wakaliondoa jina la Red Hat kwenye kurasa zao na kuanza kuitaja kama muuzaji mashuhuri wa Linux wa Amerika Kaskazini. Kila mtu alijua ni nani. Ni kama kumwita jirani "yule bwana wa nyumba ya kijani" ili usishtakiwe.

Lakini CentOS haikuwa mshindani wa kweli. Haikuuza chochote. Kwa maoni yangu iliisaidia Red Hat zaidi ya tangazo lolote: kijana anajifunza kwa CentOS chuoni, anapata kazi, na kampuni yake inapokua na kutaka mkataba, Linux anayoijua ndiyo inayonunuliwa. Mshindani wa kweli alitokea tarehe 25 Oktoba 2006.

Siku hiyo mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini habari zake nimezisoma mara nyingi kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha biashara hii waziwazi hivi. Larry Ellison, mkuu wa Oracle, alipanda jukwaani San Francisco kwenye mkutano wa wateja wake na kutangaza kwamba Oracle itachukua Linux ya Red Hat, itaondoa nembo, itaiunda upya, na kuihudumia kwa chini ya nusu ya bei ya Red Hat. Huduma hiyo wakaiita Unbreakable Linux, yaani isiyovunjika. Kesho yake hisa za Red Hat zikaanguka kwa karibu robo ya thamani yake. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Novemba, Microsoft na Novell wakatangaza mapatano ambayo ndani yake Microsoft ingesambaza vocha za SUSE Linux kwa wateja wake. Yaani ndani ya siku tisa Red Hat ilizungukwa na makampuni mawili makubwa kuliko yote ya programu duniani.

Kulikuwa na kisa nyuma yake. Mwezi Aprili mwaka huo Red Hat ilikuwa imetangaza kuinunua JBoss, seva ya programu za Java, na habari za miezi ile zilisema Oracle nayo ilikuwa imeinyemelea JBoss. Oracle iliuza seva yake ya Java, kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya watoto. Kwa hiyo Red Hat ilikuwa imeanza kupanda ngazi kuelekea chumba cha Oracle, naye Ellison akaamua kuivuta ngazi kutoka chini.

Wengi waliamini Red Hat imekwisha. Oracle ilikuwa na pesa, ilikuwa na wauzaji kila mji mkubwa, na zaidi ya yote ilikuwa na hifadhidata ambayo ndiyo iliyowafanya wateja wengi kununua Linux hapo mwanzo. Red Hat walijibu kwa ukurasa wenye jina la dhihaka, Unfakeable Linux, yaani isiyoghushika, wakaeleza kwamba Oracle akibandika viraka vyake mwenyewe, msimbo hautakuwa ule ule tena, na vyeti vya mashine na programu havitahesabika. Bei hawakukimbilia kuishusha.

Matokeo yake? Katika mwaka wa fedha ulioishia Februari 2007 Red Hat iliingiza takriban dola milioni 400. Mwaka uliofuata, milioni 523. Kufikia mwaka wa fedha ulioishia Februari 2012 ilipita dola bilioni 1, kampuni ya kwanza ya programu huria kufika hapo. Nusu bei haikuwahamisha watu. Mteja alijua kwamba kiraka kikihitajika usiku, atakayekiandika ni mhandisi wa Red Hat, na Oracle ataunda upya alichoandika mwenzake. Kwa nini umlipe wa pili?

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hoja yangu yote iko hapa. Katika biashara hii mshindani anaweza kuchukua kila kitu chako isipokuwa neno lako. Red Hat ilishinda mwaka 2006 kwa sababu neno lake lilikuwa na uzito: imesema miaka kadhaa ya viraka, basi ni miaka hiyo. Bidhaa inayouzwa ni tarehe.

Nisiwe mwonevu kwa Oracle. Wahandisi wake wamefanya kazi ya maana kwenye kerneli. Mfumo wa faili wa Btrfs, kwa mfano, ulianzia kwao mwaka 2007, na cha ajabu Red Hat ndio walioutupa nje ya matoleo yao ya makampuni huku Oracle wakiendelea kuuhudumia. Mwaka 2010 Oracle wakaanza kuweka kerneli yao wenyewe juu ya mfumo ule ule, na tangu hapo ni haki kusema wanauza kitu chao, hata kama nyumba nzima iliyobaki ni ya jirani.

Red Hat nao walianza kuingiwa na woga. Walipotoa toleo la 6 waliacha kuonyesha viraka vya kerneli kimoja kimoja, wakaweka furushi moja ambalo kila kitu kimeshachanganywa. Anayetaka msimbo anaupata, lakini anayetaka kujua nini kimebadilishwa na kwa nini, atafute mwenyewe. Walikiri kwamba walengwa ni washindani wanaouza huduma juu ya kazi yao. Wakati huo huo CentOS ya bure ilikuwa inachechemea: toleo la 6 la Red Hat lilitoka Novemba 2010, pacha wake akatoka Julai 2011. Miezi minane! Mwezi Januari 2014 Red Hat wakaichukua CentOS chini ya paa lao na wengi tukapumua. (Nasema "tukapumua" kwa kujipa cheo, wakati huo nilikuwa sekondari na sikujua seva ni nini.)

Mwezi Oktoba 2018 IBM ikatangaza kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34, na ununuzi ukakamilika Julai 2019. Septemba mwaka huo CentOS 8 ikatoka, na watu wakaiweka kwenye seva zao wakijua itahudumiwa mpaka Mei 2029 kama pacha wake wa kulipia. Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo: CentOS 8 itakwisha mwisho wa mwaka 2021. Itakayobaki ni CentOS Stream, ambayo inatangulia mbele ya toleo la kulipia badala ya kulifuata nyuma.

Zaidi ya miaka saba ilikatwa kwa tangazo moja.

Wapo waliojitetea kwa niaba ya Red Hat: hamkulipa kitu, mnalalamikia nini? Ni kweli, na nitalirudia jambo hilo hapa chini. Lakini kibiashara ule ulikuwa uamuzi mbaya, na sisemi hivyo kwa uchungu wa mtu aliyenyimwa cha bure. Kampuni inayouza tarehe ilibadilisha tarehe. Mteja wa kulipia naye alisoma tangazo lile, na hata kama mkataba wake haukuguswa, alijifunza kwamba tarehe iliyoandikwa pale inaweza kufutwa. Mwezi Januari 2021 Red Hat wakaongeza ofa ya mashine 16 za bure kwa mtengenezaji programu mmoja, ofa nzuri kwelikweli. Ila ilifika baada ya msiba kama mtu aletaye unga nyumba ikiwa imeshapika.

Soko lilijibu haraka. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akaanzisha Rocky Linux. Kampuni ya CloudLinux ikaanzisha AlmaLinux. Kufikia katikati ya 2021 zote mbili zilikuwa tayari kutumika. Na tofauti na CentOS ya zamani, nyuma yao walikuwepo watu wa kuuza huduma. CIQ, kampuni ya Kurtzer, inauza msaada juu ya Rocky. Yaani Red Hat ilimfukuza paka wa nyumbani, wakaingia chui wawili.

Ndipo ikaja tarehe 21 Juni 2023. Red Hat wakatangaza kwamba msimbo wa hadharani utakuwa ule wa CentOS Stream peke yake. Msimbo wa matoleo yenyewe watapewa wateja kupitia mlango wao. Je, ni halali? Nimelifikiria sana, na ninavyosoma leseni, ndiyo. GPL inamtaka atoe msimbo kwa yule aliyempa programu, si kwa dunia nzima. Mteja akitaka kuusambaza, leseni inamruhusu. Ila mkataba wa usajili unaipa Red Hat nafasi ya kuachana naye. Una haki ya kusema, na mimi nina haki ya kutokualika tena. Maneno ya leseni yameheshimiwa, na bado watu walioandika kerneli hiyo bila mshahara wa Red Hat wana haki ya kununa.

Hasira zilipanda, lakini niruhusu niwatetee Red Hat kwa aya moja. Kuhamishia kiraka kwenye kerneli ya miaka saba iliyopita bila kuvunja kitu ni kazi ngumu na isiyo na sifa. Nimewahi kujaribu kufanya hivyo kwa maktaba ndogo tu ya msimbo na nusura nilie. Red Hat wanalipa watu kuifanya kila siku, wanalipa pia wanaotunza GCC, glibc, systemd na GNOME, vitu ambavyo sisi sote tunavitumia. Kuona kampuni nyingine inachukua hayo yote, inabadilisha nembo na kwenda kumwambia mteja yule yule "sisi ni rahisi zaidi", hata mimi ningekosa usingizi.

Kisha soma jibu la Oracle, la tarehe 10 Julai 2023, uone mchekeshaji. Oracle ikajitangaza mlinzi wa Linux iliyo wazi, na ikaialika IBM, kama inaona gharama ya wahandisi ni kubwa, iwe yenyewe inachukua Linux kutoka kwa Oracle. Hii ni Oracle ile ile iliyoinunua Sun mwaka 2010 na kuufunga mlango wa OpenSolaris mwaka huo huo. Ile ile iliyoishtaki Google kwa sababu ya Java mpaka ikashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani Aprili 2021. Kesho yake SUSE nao wakaahidi zaidi ya dola milioni 10 kwa ajili ya pacha wao, ingawa wana Linux yao ya makampuni wanayoiuza. Mwezi Agosti hao wawili pamoja na CIQ wakaunda OpenELA, chama cha kuweka msimbo huo hadharani. Washindani watatu kwenye meza moja, wameunganishwa na bidhaa ya wa nne.

Aliyenivutia mimi ni AlmaLinux, kwa sababu hakuingia kwenye kelele. Julai 2023 wakasema hawatashikilia tena kufanana na Red Hat mpaka kwenye hitilafu. Wataahidi kwamba programu iliyotengenezwa kwa Red Hat itaendeshwa kwao bila kubadilishwa, na wakiona hitilafu wataitengeneza wenyewe. Ahadi ndogo zaidi, lakini ni yao. Pacha akaamua kuwa ndugu.

Na sisi? Hapa ndipo ninapoona haya kidogo. Nimefanya kazi na makampuni ya hapa ambayo kila shilingi yake inapita kwenye seva za bure, na hakuna hata moja iliyowahi kulipa usajili, kutuma kiraka au kuandika ripoti nzuri ya hitilafu. Mimi ni mmojawapo. Ripoti yangu ya kwanza niliiandika mwaka 2022, na ilikuwa mbaya. Tarehe ikibadilishwa tunapiga kelele, lakini katika chumba ambamo tarehe inaamuliwa hatuna hata kigoda. Sisemi kila duka la Luthuli Avenue likalipe dola mia kadhaa kwa mwaka. Nasema tuache kuwaambia wateja wetu "hii ni ya bure" kana kwamba tumewapa jibu. Tuwaambie nani anaandika viraka, analipwa na nani, na nani atawajibika akiacha.

Nilirudi kwa mama mhazini siku iliyofuata nikiwa na karatasi moja. Seva tatu ziende AlmaLinux 9, bila malipo, na mimi nijifunze kuzitunza vizuri zaidi kuliko nilivyozitunza zile za mwanzo. Ile moja yenye hifadhidata ya wanachama tuilipie usajili wa Red Hat, ili kuwe na mkataba wenye majina na sahihi, na tarehe ya Mei 2032. Alisoma polepole. Akauliza kama hawa wa kulipwa nao wanaweza kubadilisha tarehe. Nikamwambia wanaweza, lakini safari hii tutakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Akasaini. Kisha akanirudishia kalamu yangu na kuuliza kama mwaka 2032 nitakuwa bado Nairobi.